Popo wa Zulia la Tandiko Hakutoka Hemani

Nimeletewa tena zulia la tandiko, lile linalowekwa mgongoni mwa farasi chini ya tandiko, na kabla sijalikunjua, mwenye zulia ameshanieleza: limefumwa hemani na wafugaji wa Mongolia, na popo wake wa bluu ni alama za waganga wa nyikani. Nimechoka. Maneno haya yanawadhulumu wafumaji na wafugaji kwa pamoja.

Ufundi wa hemani ni sufu ya kushindilia, isiyofumwa, na picha zake za wanyama ni za kale kweli. Makaburi ya Noin-Ula, kaskazini mwa Mongolia, yaliyofukuliwa na msafara wa mvumbuzi Mrusi Kozlov miaka ya 1920, yalitoa busati la sufu hiyo lenye dubwana la mabawa likimrukia kulungu, kazi ya takribani miaka 2000 iliyopita. Lakini mazulia ya mafundo tunayoyaita ya Kimongolia, mengi ya karne ya 19 na mwanzo wa 20, yalitoka karakana za Ningxia na Baotou, kaskazini mwa China, yakauzwa kwa Wamongolia, Watibeti na Wachina.

Kwa hiyo popo yule anasema Kichina. Popo ni bianfu, na silabi yake ya mwisho hutamkwa kama fu, yaani baraka. Kulungu ni lu, na ujira wa cheo ni lu. Ukitoka nje ya Kichina fumbo halifumbuki. Je, mpanda farasi aliyelinunua aliona baraka, au aliipenda tu ile nili? Nina shaka, na vitabu vinavyotafsiri kila ubawa huipita shaka hiyo kimya.

Kabla ya kumsoma mnyama, geuza zulia. Katikati kwa kawaida utakuta mshono. Ni vipande viwili, kila kimoja kimeanzwa kufumwa kwenye ukingo wa chini, ili manyoya yalale kuelekea tumboni mwa farasi pande zote mbili na mvua iteremke. Kuna matundu ya kupitishia kamba, mara nyingi yamezungushiwa ngozi. Mgongoni, panapofunikwa na tandiko, fundi kwa kawaida hujaza ua dogo linalojirudia. Popo na vipepeo huwapeleka mbavuni, wanakoonekana.

Kutenganisha Ningxia na Baotou ni suala jingine. Likiwa na bluu nyingi na mafundo yaliyobana, tunasema Baotou, na mara nyingi tunabahatisha kuliko lebo zetu zinavyokiri. Mimi huandika "China ya kaskazini, kwa soko la Mongolia". Zulia likiwa zuri, bei haishuki kwa hilo.