Mstahiki Meya na elimu ya watu wazima: ninayoyasikia kila msimu wa fomu

Msimu wa kuchukua fomu za udiwani ukikaribia, watia nia hunijia na sentensi ileile: "Nikishakuwa Meya wa Dar, nitajenga chuo cha watu wazima." Nimefanya kazi ya elimu ya watu wazima katika halmashauri hapa Dar, na sasa nawafundisha wanaotaka uongozi kwenye kata zao. Nawapenda watu hawa, maana wanaoingia kwenye siasa wakiwa na elimu moyoni ni wachache. Lakini sentensi hiyo imebeba makosa kadhaa kwa pamoja, na nimechoka kuyarekebisha kwa mtu mmojammoja. Leo nayaandika.

Dhana: Nikiwa Meya nitaagiza, na itafanyika

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu inawaangusha watu wazuri.

Kwanza, mwananchi hampigii kura Meya. Unagombea udiwani katika kata moja. Ukishinda, madiwani wanakutana katika kikao cha kwanza cha baraza na kumchagua Meya kutoka miongoni mwao. Anakaa miaka 5, ila Naibu Meya huchaguliwa kila mwaka. Maana yake chama chako kinapaswa kukupitisha mara mbili: kwanza kwa udiwani, kisha kwa umeya. Kaka anayezunguka Tandale nzima akijinadi kama Meya ajaye anawaomba kura watu ambao kura hiyo hawana. Wanaomhusu ni madiwani wenzake, na wengi wao bado hajawahi hata kuwasalimia.

Haya, umechaguliwa. Umevaa joho, unaitwa Mstahiki. Sasa unamwagiza nani? Mtendaji mkuu wa halmashauri ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yeye ndiye afisa masuuli, yeye ndiye anayejibu fedha ikitoka vibaya. Afisa Elimu Watu Wazima wa halmashauri yuko chini yake, hayuko chini yako. Walimu unaowaona shuleni hukuwaajiri wewe. Wewe ni mwenyekiti wa Baraza la Madiwani, na unaongoza Kamati ya Fedha. Nguvu yako iko kwenye ajenda, kwenye swali unalouliza hadi lijibiwe, na kwenye uwezo wa kuwashawishi madiwani wenye vipaumbele vyao vya mitaro, barabara za mitaa na vyoo vya shule. Ukiwakorofisha vya kutosha, theluthi mbili yao wanaweza kukuondoa.

Kwa hiyo Meya anayetaka jiji lijifunze ni lazima aijue kalenda ya bajeti kuliko anavyojua hotuba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini Julai kila kitu kimeshaamuliwa. Mapendekezo huanzia mtaani, katika utaratibu wa wananchi kutaja fursa na vikwazo kwa maendeleo yao. Yanapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo yanaingia kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu, na mwanzoni mwa mwaka baraza linapitisha. Meya anayeanza kuzungumzia madarasa ya jioni mwezi Mei amechelewa mwaka mzima. Nimeshuhudia kiongozi akitangaza mpango mzuri wa kisomo cha jioni, ukumbi ukapiga makofi, na ulipofika wakati wa kutekeleza hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, iliyokuwa na jina hilo. Afisa aliyetakiwa kutekeleza hakuwa na hata fedha ya kununulia chaki. Lawama zikamwangukia yeye.

Kwangu somo la kwanza kwa mtia nia ni hili: kabla hujaniambia ndoto yako, nionyeshe mstari wa elimu ya watu wazima katika bajeti ya halmashauri unakotaka kugombea. Wengi hawajawahi kuiona bajeti hiyo. Wakiiona wanashtuka jinsi mstari huo ulivyo mwembamba, na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanza.

Dhana: Lazima tujenge

Majengo yapo. Karibu kila kata ya jiji hili ina shule ya msingi ambayo madarasa yake yanakaa kimya kuanzia saa kumi na moja jioni. Miaka ya 1970 shule za msingi ndizo zilizokuwa vituo vya elimu ya watu wazima nchi nzima. Wazo hilo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Kinachokwamisha darasa la jioni ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayevipangia fedha. Nani analipa LUKU, yaani umeme? Mlinzi anakubali kufungua geti hadi saa mbili usiku kwa posho gani? Choo kina maji jioni? Njia ya kutoka shuleni hadi kituo cha daladala ina taa? Hili la taa si dogo hata kidogo. Mama lishe anayefunga biashara saa kumi na mbili hatakuja kujifunza hesabu za biashara kama atarudi nyumbani gizani, na mumewe hatamruhusu binti yao aende naye. Mwalimu anayefundisha zamu mbili naye anahitaji posho inayolipwa kwa wakati. Ukimchelewesha muhula mmoja, muhula unaofuata humwoni.

Ningekuwa na uwezo wa kuwasihi mameya wote watano wa mkoa huu kitu kimoja, ningewaomba wachague shule moja tu kwa kila kata, waiwekee umeme, mlinzi na posho katika bajeti, na waiache ifanye kazi miaka miwili bila kuzinduliwa tena. Jengo jipya huzinduliwa mara moja, likapigwa picha, kisha linaanza kutafuta mwalimu.

Dhana: Elimu ya watu wazima ni a-e-i-o-u kwa wazee

Madiwani husema hivi ndani ya kikao, na fungu likapunguzwa palepale: "Dar kila mtu anajua kusoma, hili ni la vijijini."

Historia ya nchi hii inawapinga. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya asilimia 10. Lakini hata wakati huo kusoma na kuandika kulikuwa mlango tu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Hiyo ilikuwa elimu ya watu wazima, na waliojifunza wengi wao walikuwa wazazi wenye kazi zao. Mwaka 1976 wataalamu wa fani hii kutoka duniani kote walikutana hapahapa Dar es Salaam, na Mwalimu mwenyewe akawahutubia. Tulikuwa watu wa kuigwa. Kisha miaka ya 1990 fedha zikakauka, vituo vikafungwa, na idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena. Kwa hiyo anayesema kazi hii ilikwisha zama za Mwalimu anasahau kwamba kila mwaka kuna watoto wanaoacha shule, na watoto hao wanakuwa watu wazima.

Leo wanaohitaji kujifunza katika jiji hili nawajua kwa kazi zao. Yuko fundi gereji wa miaka mingi asiye na cheti, ambaye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanaweza kumpima na kurasimisha ujuzi wake bila kumrudisha darasani kuanzia mwanzo. Yuko dada aliyeacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana kama yeye kurudi masomoni. Yuko dereva wa bodaboda anayesoma QT, mtihani wa maarifa, usiku ili siku moja afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yuko karani wa miaka 45 anayesoma Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yake hasa. Huyo mzee wa a-e-i-o-u naye yupo, na anastahili heshima ileile, lakini si yeye peke yake.

Na kuna fedha ambayo tayari ina sheria yake: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinavyoshindwa kurejesha havikushindwa kwa uvivu. Hawakuwahi kufundishwa kutenganisha mtaji na faida, wala kuweka daftari. Mafunzo wanayopewa kabla ya mkopo mara nyingi ni ya haraka mno. Meya anayesisitiza kila kikundi kipate wiki kadhaa za darasa la jioni kabla ya fedha kutoka, na tena baada ya kutoka, amefanya elimu ya kujiendeleza bila kutamka neno hilo. Nalisema hili kila ninaposimama na nitaendelea kulisema.

Dhana: "Meya wa Dar es Salaam"

Hakuna Meya wa mkoa mzima. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zina mameya wao. Ukiishi Mbagala, Meya wako ni wa Temeke. Jua halmashauri yako kabla ya kuchapisha fulana.

Dhana: Lazima uwe mzaliwa, na uwe na digrii

Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi mkubwa na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alizaliwa Ujiji, Kigoma. Sheria inauliza unaishi wapi. Na jiji ambalo ukimuuliza mtu kwao wapi anakutajia Songea, Moshi au Mtwara, halina sababu ya kubaguana kwa hilo. Pawe pako kwa kupatumikia.

Kuhusu elimu, sheria inamtaka diwani awe na umri wa miaka 21 na kuendelea, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Digrii haimo. Ila ukishachaguliwa utawekewa mezani vitabu vya bajeti na taarifa za ukaguzi, na usipozisoma utaongozwa na wanaozisoma. Diwani aliyesoma QT akiwa ofisini ana nguvu kubwa kwa wapiga kura wake kuliko aliyebandika cheti ukutani. Ningependa kuona mameya wakijiandikisha darasani waziwazi, na watu wa kata wakiwaona wakiwa na madaftari.

Dhana: Nisubiri kwanza nichaguliwe

Usisubiri. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi; nenda kikao cha bajeti ukae viti vya wageni, na uandike. Hudhuria mkutano wa mtaa wako ulete pendekezo la darasa la jioni, ukiwa na jina la shule na orodha ya watu ishirini waliokubali kuja. Mtafute Afisa Elimu Kata umuulize wasomaji wazima wangapi wameandikishwa mwaka huu na wangapi wameacha. Pita Maktaba Kuu pale Bibi Titi, iliyofunguliwa Desemba 9, 1967, uone nani anasoma mle na anasoma nini. Halafu njoo na daftari lako, tuongee habari za fomu.