Kujenga Ford ya 1929 kwa ajili ya tambarare za chumvi za Bonneville

Mimi ni fundi wa injini za zamani, na karakana yangu ipo Utah, Marekani, mwendo wa chini ya saa mbili kutoka tambarare za chumvi za Bonneville. Mafundi wenzangu wa Tanga na Mombasa wanaposikia kwamba ninajenga nyumbani gari la kukimbizwa kwenye chumvi, swali lao la kwanza huwa ni nguvu farasi ngapi. Ni swali halali, lakini kwa gari la chumvi nguvu huja nafasi ya tatu, baada ya hewa na mshiko wa matairi. Anayeanza na nguvu huishia kununua injini ya gharama kubwa inayozungusha matairi bure.

Bonneville ni sakafu ya ziwa kubwa la zama za barafu lililokauka, karibu na mji wa Wendover. Majira ya baridi maji hulifunika eneo hilo kwa kina kidogo, na yanapokauka kiangazi huacha ganda la chumvi jeupe, gumu na lililo sawa. Chini ya ganda hilo kuna unyevunyevu, ndiyo maana chumvi hubaki baridi hata jua la Agosti linapochoma, na matairi hayapati joto ambalo lami ingeyapa. Msomaji wa Kenya huenda akafikiria Ziwa Magadi, lakini ganda la Magadi ni la trona, yaani madini ya magadi, na hukaa juu ya maji mazito ya magadi. Mimi nisingethubutu kulipitishia gari la tani moja kwa kasi yoyote.

Mashindano yenyewe yana historia ya watu wa kawaida. Southern California Timing Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1937 na vijana waliokuwa wakikimbiza Ford zao kuukuu kwenye maziwa makavu ya California, kilifanya Speed Week (wiki ya mashindano ya kasi) yake ya kwanza Bonneville mwaka 1949, na mpaka leo gari lililojengwa uani lina haki sawa na la kampuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bill Burke alichukua tangi la ziada la mafuta la ndege ya kivita akaligeuza kuwa bodi ya gari, na mwaka 1952 gari la Alex Xydias, lililojengwa ndani ya tangi la ndege ya P-38, lilivuka maili 198 kwa saa. Gari ninalolieleza hapa halina umbo zuri kama hilo. Ni Ford Model A ya 1929, rodista isiyo na paa, na injini yake ni V8 ya Mercury, chapa ya kampuni hiyohiyo ya Ford, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa nini mtu achague bodi inayopigana na hewa? Kwa sababu ya madaraja. Kundi la rodista linataka umbo la bodi ya kiwandani ya kati ya 1923 na 1938, bila kuichonga upya ili iteleze hewani, na upande wa injini kuna daraja maalumu la V8 za Ford na Mercury zilizotengenezwa kati ya 1932 na 1953. Unashindana na rekodi ya daraja lako tu, kwa hiyo ubaya wa umbo ni mzigo mnaoubeba wote. Unaruhusiwa kuondoa kioo cha mbele, kufunika nafasi ya abiria na kuziba rimu kwa sahani bapa za alumini, na kila kimojawapo kati ya hivyo ni mwendo usiolipiwa mafuta.

Hesabu ya hewa ndiyo inayoniongoza katika kila uamuzi. Nguvu inayohitajika kuisukuma hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitoka kilomita 160 kwa saa hadi 220, hewa inadai nguvu zaidi ya mara mbili na nusu. Ukiitazama hesabu hiyo kutoka upande wa pili utaona kwamba kuongeza nguvu ya injini kwa asilimia 10 kunakupa mwendo wa asilimia 3 tu, na kwamba kupunguza ukinzani wa hewa kwa kiasi hicho hicho kunakupa faida ileile kwa bei ya bati na jasho. Bonneville iko takriban mita 1,280 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto, hewa yake huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko hewa ya kawaida ya pwani, kwa hiyo ukinzani hupungua, lakini injini nayo hupumua kidogo na kupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Kwa rodista yetu, nikikadiria ukinzani wa bodi pamoja na ukinzani wa chumvi chini ya matairi, kilomita 220 kwa saa zinahitaji nguvu farasi kama 170 zinazofika kwenye magurudumu yenyewe, jambo linalomaanisha injini ambayo ingetoa zaidi ya 200 pale Dar es Salaam.

Injini hiyo ni ya valvu za ubavuni, ile ambayo mafundi wa huku huiita fletihedi: valvu hazipo kwenye silindahedi bali ndani ya bloku, kando ya silinda. Ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1932 ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu farasi 65, na hii yetu ya Mercury ina ujazo wa lita 4.2. Kasoro yake kubwa ni njia ya ekzosi. Moshi unaotoka kwenye valvu hupita ndani ya bloku, kati ya silinda, katikati ya maji ya kupozea, mpaka utoke ubavuni. Silinda mbili za kati za kila upande hutumia tundu moja, hivyo silinda nne zina milango mitatu tu. Joto lote hilo huingia kwenye maji. Barabarani injini hii huchemka, lakini kwenye chumvi mbio moja ya injini kufunguliwa yote haifiki dakika mbili, na kwa sababu hiyo tumeondoa rejeta na kuweka tangi la maji lililofungwa nyuma ya dereva. Tumepata uzito mahali unapotakiwa, na hewa haina tena tundu la kuingilia mbele.

Kabla ya kununua bloku ya aina hii, usiangalie rangi wala maneno ya muuzaji. Ioshe mpaka chuma kiwe cheupe, kisha itie sumaku na unyunyize unga laini wa chuma juu ya vikalio vya valvu na matundu ya boliti za hedi. Pasipo na ufa unga hutawanyika. Penye ufa hujikusanya katika mstari mwembamba kama unywele, kwa kawaida kutoka kikalio cha valvu ya ekzosi kuelekea silinda. Nyufa fupi huzibika kwa pini za chuma, ila ufa ulioshuka ndani ya silinda humaanisha kazi ya kuvisha silivu, na baadhi ya bloku hazistahili gharama hiyo. Kuta nazo hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu kalibu za zamani zilihama kidogo wakati wa kusubu, na upande mmoja wa silinda waweza kuwa mwembamba kuliko mwingine.

Jambo ambalo mafundi wa injini za kisasa hulishangaa ni mgandamizo. Katika injini yenye valvu juu, ukiongeza mgandamizo unaongeza nguvu, basi. Katika fletihedi, mchanganyiko wa hewa na petroli hutoka kwenye valvu, hupanda, kisha hupita chini ya hedi kuelekea silinda. Ukiishusha hedi ili kuongeza mgandamizo, unaubana mlango huohuo wa kupitia. Kuna mahali ambapo kila kinachoongezwa kwenye mgandamizo hupotea kwenye upumuaji, na mwendo wa juu unataka upumuaji. Ndiyo maana tunasaga kidogo uso wa bloku kati ya valvu na silinda, na tunakubali mgandamizo wa wastani. Wapo wanaovisha hedi za Ardun, zilizobuniwa na mhandisi Zora Arkus-Duntov, zenye valvu juu. Ni kazi nzuri sana, lakini zinakuhamisha daraja, na kule utakutana na watu wenye hedi kama zako.

Krankishafti ya V8 hii inashikwa na beringi kuu tatu tu, na ikizungushwa kupita mizunguko 5,000 kwa dakika huanza kupinda katikati. Sisi tunaipima usawa kwa makini, tunaongeza pampu ya oili yenye ujazo mkubwa, na tunaweka kikomo cha mizunguko ambacho dereva ameagizwa kutokivuka hata kama rekodi inaonekana mbele yake. Vipuri vingine havinunuliki, hutengenezwa. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, aliyeweka rekodi Bonneville mwaka 1967 kwa pikipiki ya Indian ya 1920, alikuwa akisubu pistoni zake mwenyewe, na hakuna fundi wa kundi hili anayeona jambo hilo kuwa la ajabu.

Sasa mshiko. Chumvi haishiki tairi kama lami, na ikiwa na unyevu mshiko hupungua zaidi. Kwa kuwa njia ni ndefu, maili 3 kwa magari ya mwendo wetu, uzito hauwi adui kama ulivyo kwenye mbio fupi za lami, na sisi tunaongeza risasi, vipande vizito vilivyofungwa kwa boliti kwenye fremu. Mahali pa kuviweka ndipo penye hoja. Vikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, matairi hushika vizuri lakini kitovu cha uzito kinarudi nyuma ya kitovu cha msukumo wa hewa, na gari la namna hiyo likiyumba kidogo tu hewa hulimalizia kuligeuza. Sisi tumeviweka mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini kadiri fremu inavyoruhusu, na vichache karibu na ekseli ya mbele.

Ekseli ya mbele tumeilaza ili kingpini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zielekee nyuma kwa juu, kama uma wa baiskeli, kwa pembe kubwa kuliko ya gari la barabarani. Magurudumu hujirudisha yenyewe kwenye mstari na usukani huwa mzito, jambo ambalo kwenye chumvi ni sifa.

Difu yetu ni ya kubadilisha gia haraka: unafungua kifuniko cha nyuma, unatoa gia mbili ndogo, unaweka nyingine. Tairi lenye kipenyo cha inchi 28 huenda mita 2.23 kwa mzunguko mmoja, hivyo kwa uwiano wa 3.00 na mizunguko 5,000 kwa dakika, hesabu inatoa kilomita 223 kwa saa. Karatasi ya watunza muda ikisema 205, asilimia 8 hivi zimepotea katika utelezi, na hapo dawa ni risasi zaidi au mguu mwepesi zaidi, si gia nyingine. Gia ndefu kiasi hicho haziondoki vizuri kutoka mahali, kwa hiyo pikapu hulisukuma gari mpaka lishike mwendo.

Wakaguzi wa usalama hawana haraka nawe. Wanatazama kizimba cha mabomba, mikanda, mikanda ya kuzuia mikono isitoke nje, mitungi ya kuzimia moto na tarehe zake, na dereva huamriwa atoke mwenyewe akiwa amevaa kila kitu. Ukivuka rekodi siku hiyo bado huna rekodi: gari hupelekwa eneo la ulinzi, na asubuhi inayofuata hukimbia tena, kisha wastani wa mbio hizo mbili ndio unaohesabiwa. Na yote hayo hutegemea ganda: Speed Week ilifutwa mwaka 2014, 2015 na 2022 kwa sababu ya maji na hali ya chumvi.

Gari likirudi nyumbani huoshwa kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi inayorushwa na matairi hujishindilia chini ya fremu mpaka inakuwa ngumu kama zege, na mahali alumini inapogusana na chuma huanza kula mara moja. Tunaloweka kwa maji ya uvuguvugu, tunarudia kesho yake, kisha tunatoa ngoma za breki, waya za betri na beringi za magurudumu. Mwishoni tunafungua sampu na kutazama beringi ya kati ya krankishafti, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuonyesha kama dereva alikiheshimu kikomo.