Simu ya saa 8 usiku

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa usiopona, mkoani Dodoma, na kazi hii imenifundisha kwamba mgonjwa aliye ukingoni mwa maisha hutuhitaji usiku kuliko mchana. Mchana majirani huingia na kutoka; usiku hubaki yeye na anayemuuguza, zahanati imefungwa, na katika vijiji vya ndani vya wilaya ya Chamwino usafiri wa saa hizo mara nyingi ni bodaboda, ambayo mtu mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa hawezi kuikalia.

Kwa sababu hiyo usiku wetu huandaliwa mchana. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutuliza kwa takriban saa nne, hivyo tunamwandikia anayeuguza ratiba: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu, ili mgonjwa alale bila kuamshwa saa 8. Tunaacha pia dozi ya ziada kwa maumivu ya ghafla, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga choo. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kutunzia wagonjwa walio ukingoni mwa maisha, jijini London mwaka 1967, alisisitiza jambo hilihili: dawa itolewe kwa saa, maumivu yasisubiriwe yarudi.

Ratiba, hata hivyo, haiondoi hofu. Binti mmoja alinipigia saa 8 usiku: "Nesi, mama anakoroma kama anakabwa, na uji hamezi." Nilimwomba kwanza aweke kijiko chini, kwa kuwa mwili unaoaga hauhitaji tena chakula, na uji ungeweza kumpalia. Kisha amlaze mama ubavu, amwekee mto mgongoni, amlowanishe midomo kwa kitambaa safi. Nikamweleza kwamba mkoromo ule ni wa mate ambayo mama hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa, na kwamba kwa aliyezama usingizini kiasi kile, kwa kawaida huwaumiza zaidi wanaousikia. Hapakuwa na dawa ya kuongeza. Nilibaki kwenye simu mpaka pumzi za binti mwenyewe zikatulia.

Alfajiri alipiga tena kusema mama amepumzika. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Nesi, sijamuua kwa njaa?" Swali hilo nimelisikia katika nyumba nyingi, na ndilo linalotufanya turudi baada ya matanga, tukae na aliyeuguza mkekani, tumjibu kila atakapouliza.