Nilianza kuuelewa udongo wa polima siku nilipoanza kuufundisha

Jozi ya kwanza ya hereni niliyouza ilinirudia ndani ya bahasha, ikiwa vipande vinne. Mteja hakuandika kwa hasira. Alinieleza tu kwamba moja ilidondoka sakafuni ikakatika kama biskuti, na ya pili ilimkatikia mkononi alipokuwa anaivaa. Nilikaa na vipande vile mezani jioni nzima. Rangi zilikuwa zimekolea, kingo nilizipiga msasa mpaka zikawa laini, vanishi iling'aa. Kasoro ilikuwa ndani, jicho lisikofika.

Leo udongo huu ndio kazi yangu: nasanifu mapambo ya kuvaa, nauza, na nafundisha. Wanaoniandikia wakitaka kuifuata njia hii huniuliza kuhusu wateja, picha na bei. Yote hayo nitayagusa, lakini kwanza tuzungumzie oveni.

Udongo wa polima hauchimbwi ardhini. Ni PVC, plastiki ya jamii ile ile ya mabomba ya maji, ikiwa katika chembe ndogo mno zilizochanganywa na kilainishi cha majimaji, rangi na unga wa kujazia. Ukiwa mbichi, chembe zimekaa kila moja kivyake ndani ya kile kilainishi, ndiyo maana unafinyangika. Joto linapopanda, chembe hukinywa kilainishi, huvimba, kisha hushikana zikawa kitu kimoja. Hakuna maji yanayokauka humo, kwa hiyo kitu hakisinyai kama chungu wala hakihitaji tanuri la mfinyanzi. Lakini joto lisipofika panapotakiwa, kushikana huko hakukamiliki. Kitu hutoka oveni kikionekana kimeiva, kigumu ukikigonga, na bado hakina nguvu yoyote.

Hereni zangu zilipatwa na hilo. Kirungu cha oveni kilionyesha nyuzi 130 za Selisiasi. Nilipokuja kununua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, nikaona ni 105. Tangu siku hiyo sikiamini kirungu cha oveni yoyote, hata iwe mpya. Joto linalotakiwa hutegemea aina ya udongo: Fimo huokwa kwa nyuzi 110, Premo kwa 130, Kato hupanda hadi 150. Soma pakiti yako, si pakiti ya mwenzako. Muda nao hufuata unene; kwa Premo ni dakika 30 kwa kila milimita 6. Ukiongeza muda kwa joto sahihi hakuna unachoharibu, mara nyingi unakiimarisha kitu. Ukizidisha joto ndipo unapoharibu: rangi hubadilika kuwa kahawia, na udongo ukiungua kabisa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho na koo. Ikitokea, zima oveni, fungua madirisha, toka nje kwanza.

Mambo haya mengi nilikuwa nayafanya kwa mazoea kabla ya kuyajua kwa sababu zake. Aliyenisukuma kuzijua sababu ni mwanafunzi. Katika darasa langu la kwanza mama mmoja aliinua kazi yake akaniuliza, "Mwalimu, mbona changu kina mapovu meupe kama mwezi na chako hakina?" Alikuwa ametumia udongo unaopenyeza mwanga. Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba changu huwa hakifanyi hivyo. Nikamwambia ukweli, kwamba nitalitafuta jibu na kumletea. Ilinichukua wiki kadhaa za kuoka vipande vidogo vidogo: udongo uliokandwa kwa mikono yenye unyevu, uliokandwa haraka, uliokunjwa ovyo kwenye mashine ya tambi, ile tunayoitumia kuusukuma udongo uwe bapa. Kila palipoingia hewa au unyevu, yale madoa yalitokea. Mimi nilikuwa na bahati ya mikono mikavu, basi.

Kufanya kazi vizuri na kuweza kuieleza ni vipaji viwili, na cha pili hakiji chenyewe kwa sababu unacho cha kwanza. Msanii anaweza kuishi miaka mingi na mikono inayojua mambo ambayo kinywa hakijui. Mwalimu hawezi. Na nimeona kwamba kazi zangu mwenyewe zilianza kuwa na sura yake pale nilipoweza kusema kwa nini nafanya ninachofanya, kwa sababu ukishaijua sababu unaweza kuivunja kwa makusudi. Yale mapovu meupe, kwa mfano, sasa nayatengeneza kwa hiari ninapotaka sura ya jiwe.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Wengi wanaoingia katika ualimu huhudhuria somo la mtu, wanarudi nyumbani, na mwezi unaofuata wanalifundisha lile lile, hatua kwa hatua, rangi kwa rangi. Si haki kwa aliyelibuni, na wewe mwenyewe unajifunga, kwa kuwa swali la kwanza lililo nje ya hatua ulizozikariri litakukwamisha.

Lakini tusichanganye mambo. Mbinu ni ya wote. Kuunganisha mafimbo ya rangi yakawa gogo moja lenye ua ndani yake, kisha kulikata vipande vyembamba na kila kipande kikatoka na ua lile lile, ni mbinu iliyotoka kwa wafua vioo na inaitwa milefiori, yaani maua elfu kwa Kiitaliano. Hakuna anayeimiliki. Mfano ninaoupenda zaidi ni mchanganyiko wa Skinner. Judith Skinner, msanii wa Marekani, miaka ya 1990 alionyesha kwamba ukiweka pembetatu mbili za rangi zikiungana kuwa mstatili, ukaupitisha kwenye mashine ya tambi, ukaukunja upande ule ule na kuupitisha tena, kama mara 20 au zaidi, rangi moja inayeyukia katika nyingine bila mpaka kuonekana. Leo hakuna mwalimu wa udongo huu asiyeifundisha, na wanaoifundisha wanaitaja kwa jina lake. Mbinu imesambaa, na jina limesambaa pamoja nayo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: chukueni mbinu, tajeni mlikoitoa, kisha muifanyie kitu ambacho aliyeibuni hakuwahi kukifanya. Mradi wa darasa, yaani umbo, rangi na mpangilio wa hatua, uwe wako kabisa. Kama huna mradi wako bado, bado hujafika wakati wa kufundisha, na hakuna ubaya kusubiri.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Kosa la bei karibu kila mara ni kuhesabu saa za kufinyanga tu. Ongeza saa ya kuchanganya rangi, saa ya msasa, saa ya kupiga picha, ya kuandika maelezo na kufunga mzigo, na vile vitu viwili katika kila kumi vilivyoharibika. Hesabu hayo yote ndipo uijue bei. Nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niligundua kuwa mkufu uliokuwa ukipendwa kuliko vyote ndio uliokuwa ukinitia hasara, nikaacha kuutengeneza. Kufundisha kulinisaidia kwa sababu kipato chake hakipandi na kushuka kama cha mauzo: mauzo huja kwa misimu, darasa ninalipanga mimi. Hata hivyo nisingemshauri mtu aingie darasani kwa ajili ya pesa pekee. Wanafunzi wanatambua haraka sana mwalimu ambaye hana hamu ya kutazama kazi zao.

Picha? Dirisha lenye mwanga usio wa jua kali, karatasi nyeupe, na picha moja ikiwa sikioni au shingoni ili ukubwa ujulikane. Inatosha kuanzia.

Darasa lenyewe linahitaji maandalizi kuliko watu wanavyodhani. Sichukui zaidi ya wanafunzi 8, kwa sababu mtu wa tisa sitaiona mikono yake. Udongo mgumu naukanda nusu kabla hawajafika. Mtu akikanda saa nzima, vidole vinachoka kabla ya sehemu tamu. Nyeupe hufanyiwa kazi kwanza, rangi nzito mwisho, na vitambaa vyenye spiriti viko mezani kwa sababu udongo huu hunasa kila uzi na vumbi. Mabaki mabichi hayawekwi ndani ya vikopo vya plastiki ngumu, maana kilainishi hula baadhi ya plastiki hizo na zikashikana. Na kifaa chochote kilichotoka jikoni kikagusa udongo hakirudi jikoni. Vilevile hatutengenezi sahani wala vikombe vya kunywea. Mapambo yanatosha.

Hata hivyo, kabla ya kufungua pakiti yoyote, nawapa kila mmoja vipande vitatu vyembamba vya udongo uliokwisha okwa, vyenye rangi moja na unene mmoja. Kwa macho havitofautiani. Nawaomba wavikunje. Cha kwanza, kilichookwa kwa joto pungufu, hukatika kwa sauti kavu na kila mtu hushtuka. Cha pili, kilichopata joto sahihi kwa dakika chache mno, hukunjika kidogo halafu nacho hukatika. Cha tatu hukunjwa mpaka ncha zake zikakutana, kikaachiwa, kikarudi kilivyokuwa. Kuna mwanafunzi aliyekikunja na kukiachia mara nyingi bila kusema neno, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani. Nikampa, nikampa na kipimajoto cha ziada kilichokuwa mezani.