Acheni kutenga kikombe cha mtoto

Juzi tena, bibi mmoja kaniuliza kama kikombe cha mjukuu wake kiwekwe kando. Mtoto ana limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, taya limevimba, na bibi kasikia neno "virusi". Nikilitaja tu hilo neno, ndugu wanaanza kugawana vyombo.

Ya haraka kwanza. Si kila uvimbe ni saratani: fibroidi ni uvimbe wa mfuko wa uzazi, haisambai. Si kila saratani ina uvimbe: ya damu mara nyingi huna cha kupapasa. Na saratani nyingi hazitokani na maambukizi kabisa.

Sasa hili linalonichosha. Kinachoambukiza ni kirusi, si saratani. Seli za mjukuu zikimwingia bibi, kinga yake itaziona ngeni na kuziua. Kirusi chenyewe, Epstein-Barr, kweli hupita kwenye mate. Lakini bibi yangu, wewe karibu hakika unacho tangu utotoni! Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Sasa hicho kikombe kinamkinga nani?

Kirusi hicho kiligunduliwa London mwaka 1964, kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, alikokuwa Denis Burkitt. Daktari huyo alizunguka Afrika akiuchorea ramani uvimbe huu wa taya, na ramani ikaangukia kwenye ukanda wa malaria.

Vitabu huandika malaria jumlisha kirusi, jibu Burkitt. Haraka hiyo siipendi. Ni kweli malaria ya kila mara huzichokoza seli B, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zikagawanyika mno, na MYC, jeni inayoamuru seli zigawanyike, ikahama kutoka kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 8, kwa kawaida kwenda ya 14. Lakini kijiji kimoja, mbu wale wale, kirusi kile kile, anaugua mmoja. Kwa nini yeye? Sina jibu. Na kuna Burkitt zisizo na kirusi hicho hata kidogo.

Kwa HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, na homa ya ini B, inayoweza kuleta saratani ya ini, hofu ya virusi ina kazi: chanjo ipo, mpelekeni mtoto. Kwa Burkitt hakuna chanjo, kuna kuwahi tu. Seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, ila zikipata dawa, taya hunywea ndani ya siku chache. Wengi hutuletea mtoto akiwa ameshang'olewa meno mawili matatu "yaliyolegea". Meno yakilegea na shavu limevimba, kabla ya koleo ulizeni kipande cha uvimbe cha kupimwa kinachukuliwa wapi.