Kujifunza PHP mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"PHP imekufa, usijisumbue."

Haijafa. PHP ni lugha ya programu inayoendesha tovuti kwenye seva; Rasmus Lerdorf alianza kuiandika mwaka 1994, na hadi leo Wikipedia, WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) na Moodle, mfumo ambao vyuo vingi huwekea masomo, hutumia PHP. Toleo la 7 la Desemba 2015 liliongeza kasi sana. La 8 likaja Novemba 2020. Yanayokufa ni matoleo ya zamani, na hapo ndipo mwanafunzi anapoumizwa.

"Somo linalotokea juu ukitafuta ndilo bora."

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtandao umejaa masomo ya PHP ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na hakuna anayekuonya kwamba yamepitwa. Anayeanza hunakili mysql_connect, fanksheni ya zamani ya kuunganisha PHP na hifadhidata, anapata kosa, anadhani hana akili ya kazi hii. Kumbe fanksheni zote zinazoanza na mysql_ ziliondolewa kabisa kwenye toleo la 7.0, siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa PDO au mysqli.

Hapo angalau kosa limeonekana. Hatari kubwa ni msimbo wa zamani unaofanya kazi bila kulalamika. Kuna masomo yanayokufundisha kubandika alichoandika mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Mtu mwenye nia mbaya ataandika kipande cha SQL kwenye kisanduku cha kuingilia, na akaunti za wateja wako zote zitakuwa mikononi mwake. Dawa ni kuandaa amri kwanza kwa prepare, kisha kupeleka data kando kwa execute. Mengine yanahifadhi nywila kwa md5, njia ya zamani ya kuzificha, wakati kadi moja nzuri ya michoro inaweza kukisia mabilioni ya nywila za namna hiyo kwa sekunde. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013 tuna password_hash ya kuficha nywila na password_verify ya kuihakiki, na kila moja ni mstari mmoja tu.

Kwa hiyo kabla ya kufuata somo lolote, tazama tarehe, kisha tafuta ndani yake mysql_query na md5 ya nywila. Ukiviona, achana nalo.

"W3Schools ni tovuti rasmi ya W3C."

Hapana, W3Schools ni tovuti ya mafunzo, W3C ni shirika linaloweka viwango vya wavuti, na hazihusiani. Inafaa kwa hatua za mwanzo, basi.

"Mwongozo rasmi ni wa mabingwa."

Mwongozo wa php.net ni wa bure, na kila fanksheni ina ukurasa wake. Chini ya jina la fanksheni utaona matoleo inamofanya kazi, na mbele kidogo kuna mifano. Anza na mifano, maelezo yasome baadaye. Ila maoni ya wasomaji yaliyo mwisho wa ukurasa yapime kwa makini, maana mengine yana zaidi ya miaka ishirini. Upo pia kwa Kifaransa, jambo la faida kwa wenzetu wa Kongo na Burundi.

"Bila bando kubwa huwezi."

Video ndizo zinazomaliza bando. Mwongozo wote unapakuliwa mara moja na kusomwa nje ya mtandao. PHP yenyewe ina seva ndogo ndani yake tangu toleo la 5.4: ndani ya folda ya kazi yako andika php -S localhost:8000, kisha fungua anwani hiyo kwenye kivinjari. Siku ukipata mtandao, bandika msimbo wako kwenye 3v4l.org, utaendeshwa kwenye matoleo mengi kwa pamoja, nawe utaona ni lipi linaloukataa.