Mume, mke na ndege moja: yasemwayo na yaliyo kweli

Watu wakiona mume na mke wameketi kwenye ndege ndogo, huchukulia kwamba mmoja anarusha na mwingine kasindikiza tu. Na anayedhaniwa msindikizaji, mara nyingi, ni mke.

Basi mtazame Anne Morrow Lindbergh. Wengi humtaja kama mke wa Charles, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Lakini mwaka 1930 Anne alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kupata leseni ya daraja la kwanza ya kurusha ndege zisizo na injini, na mwaka uliofuata akapata ya kurusha ndege zenye injini. Mwaka huohuo 1931 yeye na Charles waliruka kwa ndege aina ya Lockheed Sirius hadi Japani na China. Anne alikaa nyuma, mbele yake usukani wa pili, na redio yote ilikuwa juu yake. Usidhani ilikuwa kazi ya kushika kipaza sauti na kupiga soga. Aliteremsha waya mrefu wa antena, wenye kizito mwishoni, ukaning'inia chini ya ndege. Akabadilisha koili, yaani waya uliozungushwa, kufuatana na masafa ya redio. Akagonga ujumbe kwa Morse, alama za nukta na vistari. Na kabla ya kutua ilibidi auzungushe waya wote urudi ndani. Mwaka 1934 National Geographic Society ilimpa Nishani ya Hubbard, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Msindikizaji gani huyo?

Wengine husema wote wawili wakiwa marubani hodari, hatari imekwisha. Amy Johnson na Jim Mollison, marubani mke na mume wa Uingereza, walikuwa mashuhuri kila mmoja kwa jina lake. Julai 1933 waliondoka Wales kuelekea New York, na baada ya saa 39 hivi, usiku, mafuta yakiwa ukingoni, wakapindukia kwenye kinamasi huko Bridgeport, Connecticut. Waliumia, ila walipona. Uhodari wa wawili hausaidii kitu wote wakichoka saa ileile.

Wapo pia wanaosema mume na mke hugawana amri ya ndege nusu kwa nusu: hapana. Kila safari ina rubani kiongozi mmoja, anayejulikana kabla injini haijawashwa. Anaweza kuwa mume wakati wa kwenda, mke wakati wa kurudi. Hata usukani hukabidhiwa kwa kutamka, na anayeukabidhi hauachii mpaka asikie mwenzake amejibu kwamba ameushika. Kuelewana kwa macho kubaki nyumbani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hukumbukwa Martin na Osa Johnson wa Kansas, Marekani, mume na mke wapiga filamu, waliozunguka Afrika mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili za Sikorsky, moja ya milia ya punda milia, nyingine ya madoa ya twiga. Husimuliwa kana kwamba walirusha wenyewe mwanzo hadi mwisho. Kurusha walijifunza kweli, lakini waliajiri marubani wa kazi, akiwemo Vern Carstens.

La mwisho ni la viti: hudhaniwa kwamba viti vinne ni watu wanne. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ina vinne, lakini matangi ya mafuta yakijaa, watu wazima wanne na mizigo yao kwa kawaida huizidi uzito. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungua nguvu na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Kwa hiyo mke akimuuliza mumewe ana kilo ngapi, si utani wala kejeli. Ataje kilo za kweli, na za begi pia.